Finjani Niliyoiweka Chini

Vijana wa zamu mpya mmenisumbua sana kwenye lile kundi letu la WhatsApp. "Mzee Stefano, tuandikie, uliwezaje kukaa jengo moja miaka yote hiyo bila kufukuzwa?" Haya, naandika. Ila mkitafuta habari za kupanda cheo, zimeni simu mkalale. Natur hapandi cheo. Natur anapanda ngazi, tena siku lifti imekufa na mpangaji wa ghorofa ya nne ameagiza mtungi wa maji.

Kwa asiyejua kazi yetu, natur ndiye mlinzi wa jengo, mfagiaji, fundi bomba, mpokea mizigo, na mtu wa kulaumiwa kwa lolote litakalotokea, hata mvua. Anaishi humo humo. Chumba changu kilikuwa chini ya ngazi, nikisimama wima kichwa kinagusa ghorofa ya kwanza. Jengo lenyewe liko Deira, nyuma ya ule uwanja wa kale wenye kisima kilichozibwa na minara ya upepo ya kupozea nyumba, na huo uwanja ndio ulionitia mvi.

Mimi ni mtu wa Muheza. Dubai nilikuja kwa kazi ya ghala huko Jebel Ali, nikabeba maboksi mpaka mgongo ukaanza kunijibu vibaya. Mtanzania mwenzangu aliyekuwa akipanga kitanda mtaa wa Karama akanitonya kwamba kuna jengo linatafuta natur, mzee aliyepo anarudi kwao Peshawar. Nikafunga begi, nikapanda metro, nikaenda.

Mzee mwenyewe aliitwa Gul Khan, ndevu zake kazitia hina hadi zikawa nyekundu. Siku ya kwanza hakunisalimia. Alinitupia shada la funguo, funguo zote za rangi moja na hakuna hata mmoja wenye alama, akaniambia nikafungue mlango wa paa. Nikajaribu mmoja baada ya mwingine, jua linanichoma utosi, na yeye amekaa kivulini anakula tende na kutema kokwa. Mlango ulipofunguka akasema, "Sasa unaujua." Basi, somo la funguo likawa limekwisha, khalas. Ninyi leo mna kadi ya plastiki, mkiigusisha mlango unalia ti! na mnalalamika kwamba kazi ni ngumu.

Gul Khan ndiye aliyenifundisha adabu ya mlango. Unabisha, halafu unageuka na kuupa mlango mgongo, ili akifungua mwanamke akukute unatazama ukuta. Mazungumzo yote ya bomba na sinki unayafanya hivyo hivyo, unaongea na ukuta. Ukuta wa ghorofa ya pili naujua kuliko ninavyoujua uso wa mke wangu. Akanifundisha pia kutopokea siri za wapangaji. Mtu akianza "Stefano, usimwambie mtu," wewe mwambie kuna bomba linavuja, kisha ukimbie. Vifaa vyake aliniachia: fimbo ya chuma ya kufungia valvu ya maji, mpira wa kuzibulia choo wenye mpini uliofungwa kitambaa, na ndoo mbili. Ndoo zilitoboka mapema. Ule mpira ungalipo, na atakayeutupa nitamjua.

Kesi ngumu mnataka? Sikukuu moja ya Iddi familia ya ghorofa ya tatu ilileta beberu kwa siri, ikampandisha kwa lifti pamoja na mhasibu wa Kimisri ambaye hakuulizwa. Umeme ukakatika lifti ikiwa katikati ya ghorofa mbili. Nilihangaika na ile fimbo ya chuma mpaka milango ikaachia. Beberu akatoka ametulia zake, anatafuna. Mhasibu ndiye aliyetoka analia, na mpaka alipohama hakupanda tena lifti.

Lakini mnalotaka kusikia ni habari za uwanja, najua. Nilipoanza kazi, uwanja ule ulikuwa mzee kwelikweli. Kuta zimemenyeka, paka wamejaa, na Wahindi wa duka la kamba wanacheza karata kwenye kisima. Halafu ikaamuliwa upendezeshwe. Wakabomoa kuta za zamani, wakajenga mpya, wakazipaka rangi ya udongo zionekane za zamani. Paka wakahamishwa. Wahindi wakahamishwa. Wakaleta taa na vibao vya maelezo, na watalii wakaanza kumiminika.

Sasa mtalii akishaambiwa mahali ni pa historia, kila anachokiona anakihesabu historia. Walipiga picha masufuria yetu. Walipiga picha nguo zangu za ndani kwenye kamba, na mama mmoja mwenye kofia pana aliniuliza kwa heshima kubwa kama bado zinavaliwa. Wapo waliokuwa wakifungua mlango wa jengo na kupanda mpaka sebule za watu, wanashika mapazia, wanatikisa vichwa. Nikishawakuta ndani nilikuwa nawaambia makumbusho yamefungwa kwa ukarabati, waje mwakani inshallah. Wananishukuru, wanaondoka. Wengine walirudi kweli mwaka uliofuata.

Na kivutio kikubwa kuliko vyote, kuliko kisima na minara, alikuwa Bi Zuwena.

Bi Zuwena alikaa mlango wa chini kabisa, unaotazama uchochoro wa kwenda uwanjani. Ni mtu wa Unguja. Aliletwa mtaani pale akiwa bibi harusi, mumewe alikuwa karani wa arbab mkubwa, yaani mwenye jengo, baba yake huyu arbab tuliye naye. Mume alifariki, arbab mkubwa naye akafariki, yeye akabaki. Mbele ya mlango wake alijengewa baraza ya saruji kama za kwao, na kila siku baada ya swala ya alasiri alitoka na dele la kahawa, finjani zake na sahani ya tende, akaketi. Anayepita anakaribishwa, awe balozi au mzoa taka.

Siku aliyonisikia nikimtukana paka kwa Kiswahili, aliniita. "Weye, mtu wa wapi?"

"Shikamoo Bibi. Wa Muheza."

"Marahaba. Muheza! Kwenye machungwa. Hebu weka ufagio huo, uketi unywe kahawa. Mtu wa kwetu hanipiti mlangoni kama bawabu."

"Bibi, mimi ni bawabu."

"Nimesema keti."

Nilikuwa sijaamrishwa kwa Kiswahili tangu nitoke nyumbani. Nilikaa, nikainamia ile finjani ili asione macho yangu. Kuanzia siku ile nikawa na nyumba Dubai, na nyumba yenyewe ilikuwa baraza ya saruji. Kila siku nilikunywa kahawa yake, isipokuwa wakati wa Kwaresima, maana mimi Mkatoliki, na Kwaresima huacha kahawa. Hilo alilijua. Alinisogezea tende na maji akisema, "Funga yenu nayo! Wali mnakula, kahawa mnaikimbia."

Watalii walimpenda kupita kiasi. Mwongozaji mmoja aliwaambia yeye ni sehemu ya maonyesho. Bi Zuwena, ambaye Kiingereza anakisikia vizuri ila hukitumia akitaka mwenyewe, aliwamiminia wote kahawa akiwasema kwa Kiunguja, na wao wakitabasamu na kurekodi. Kijana mmoja akauliza maonyesho yanafungwa saa ngapi. "Mwambie nafunga nikifa," akaniambia nitafsiri. Nikatafsiri. Yule kijana akaandika.

Basi uwanja ulipochangamka hivyo, chumba chochote chenye mlango karibu nao kikawa lulu. Arbab wetu, Bu Rashid, akanipigia simu asubuhi moja. Si mtu mbaya, hilo niliseme. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama anaogopa kusikika. Kuna watu wanataka kufungua mkahawa wa kisasa, wa kuuza kahawa ya asili. Wanautaka ule mlango wa Bi Zuwena, na ile baraza waweke viti vya mito. Yeye atakwenda kwa mwanawe Salim, kule kwenye majumba mapya ya jangwani, Salim ameshakubali, chumba kipo, na televisheni kubwa ipo.

"Mwambie kwa upole," akasema.

"Arbab, mbona usimwambie mwenyewe? Amekulea."

"Nina safari."

Safari yenyewe sijaisikia mpaka leo. Alikuwa anamwogopa. Alipokuwa mtoto alipiga mawe tangi la maji la Bi Zuwena, na Bi Zuwena akamchapa kandambili mbele ya mtaa mzima, kisha akampa maandazi. Mtu wa namna hiyo huwezi kumfukuza kwa mdomo wako. Unamtuma natur.

Nikaenda. Ilikuwa Kwaresima, nimeketi na sahani yangu ya tende, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyoosha mkono akaiondoa ile sahani mbele yangu.

"Mjumbe hauawi," akasema, "lakini tende hapewi."

"Bibi, mimi nimetumwa tu."

"Najua. Sasa nisikilize. Kwa Salim nakwenda kufanya nini miye? Nyumba zote sura moja, ukitoka nje unaonana na gari. Jirani humjui mpaka afe. Hapa nikikohoa, weye umeshakuja na yule wa duka la kamba, alipokuwepo, ameshakuja. Salim ananipenda, lakini anatoka alfajiri anarudi anasinzia wima. Nitazungumza na televisheni? Mwambie huyo mtoto aje. Akisema mwenyewe, machoni pangu, naondoka siku hiyo hiyo. Lakini aje."

Akaingia ndani, akafunga mlango. Alasiri ya kesho yake hakutoka. Wala ya siku iliyofuata. Watalii walikuja wakaikuta baraza tupu wakaipiga picha hivyo hivyo. Mimi nilifagia uchochoro ule mara mbili mbili nikitega sikio, na roho iliniuma, siwafichi.

Simu zangu kwa arbab zikawa hazipokelewi. Nikavaa shati safi, nikamfuata nyumbani kwake. Miaka yote nilikuwa naishia kwenye lango, mpishi ananipa chai ya maziwa nasimama nakunywa. Siku ile mtumishi aliniona nimeiva jua, akaniingiza moja kwa moja kwenye majlis, ile sebule ya wageni wa kiume. Wazee wamekaa ukutani kuzunguka chumba, kanzu nyeupe pe, na arbab katikati yao. Nikaketi karibu na mlango. Mmimina kahawa, Msudani mrefu, akaja na dele mkono wa kushoto, akanikabidhi finjani.

Sasa nifanyeje? Kuikataa kahawa ya mwenyeji ni matusi. Kuinywa ni kuvunja Kwaresima. Nikajiona mwerevu. Nikaipokea kwa mkono wa kulia, nikashukuru, nikaiweka taratibu kwenye kimeza mbele yangu, nikidhani hakuna atakayeona.

Loh! Mazungumzo yakakatika. Msudani akasimama na dele lake hewani. Mzee mmoja wa pembeni akakohoa, na wote wakageuka, si kunitazama mimi, kumtazama arbab.

Arbab akabadilika rangi. "Stefano. Sema haja yako."

"Sina haja, arbab. Nimeleta ujumbe tu."

"Sema haja yako. Kahawa inapoa."

Msudani akainama kama anayenifutia meza, akaninong'oneza, "We mtu, hujui? Mgeni akiiweka kahawa chini bila kuionja, ana ombi. Mwenye nyumba hawezi kukataa mbele ya wazee, ni aibu. Omba upesi!"

Vijana wangu, mimi pia binadamu. Kiyoyozi cha chumba changu kilikuwa kinatema maji ya moto kiangazi kizima, nimekililia miaka. Na hapa nimepewa ombi moja lisilokataliwa, mbele ya mashahidi wenye ndevu! Kiyoyozi kipya nilikiona kabisa, na rimoti yake. Nikafungua mdomo, na mdomo ukasema, "Bi Zuwena abaki pale pale."

Wazee walimjua Bi Zuwena, wengine walikwisha kunywa kahawa yake. Arbab akatazama zulia kwa muda, kisha akasema, "Kunywa kahawa yako."

Msudani akanitia kiwiko mbavuni. Maana yake limekubaliwa. Nikainywa. Padri nilipomweleza baadaye alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akanipa malipizi vile vile.

Nilirudi Deira nikiruka. Nikabisha kwa Bi Zuwena, nikaupa mlango mgongo, nikaanza kuuhadithia ukuta. Nikamaliza. Nikageuka nione furaha yake, heshima kando.

"Na ujumbe wangu?" akauliza.

"Upi, Bibi?"

"Aje. Nilikutuma useme aje. Ulisema?"

Sikuwa nimesema. Ile furaha ilinifanya nikasahau kabisa kilichonipeleka.

"Basi weye umekwenda kuniombea," akasema, na sauti yake haikupanda, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Nimeanikwa mbele ya wanaume kama maskini wa mlango wa msikiti. Natur wangu kaniombea nyumba kwa finjani. Miye siombewi, Stefano. Nyumba ya kuombewa sikai." Akanitazama. "Niletee maboksi."

Nilimletea maboksi. Nilitafuta yenye matobo ili yasifae, akayarudisha, nikaleta mazima. Akampigia Salim aje Ijumaa na pikapu. Mimi nikapanda paani nikampigia arbab, na safari hii akapokea.

"Arbab, umesema abaki, lakini anaondoka. Anasema nyumba ya kuombewa hakai."

"Amekasirika?"

"Sana."

"Vile vile kama zamani?"

"Arbab, mimi zamani sikuwepo, lakini anafunga masanduku. Aliniambia uje mwenyewe, tangu mwanzo, nikasahau kukwambia. Njoo. Usiponisikia leo, utakwenda kumwamkia kwa Salim, na kule hatakufungulia."

Sikuwahi kusema na mwenye jengo hivyo, na kama mnataka kudumu kazini msiniige. Akakata simu.

Ijumaa Salim alifika na pikapu kabla ya swala. Mtu mpole, anamwogopa mama yake na ana haki. Tukapakia kitanda, masanduku, cherehani. Watu walipotoka msikitini na Salim kurudi, tulikuwa tumebeba godoro, Salim mbele mimi nyuma. Bi Zuwena ameketi barazani na buibui lake, mkoba mapajani, anatazama mbele. Dele na finjani mbili alikuwa bado hajazifunga. Alisema atazishika mkononi njiani.

Ndipo arbab akatokea uchochoroni kwa miguu, peke yake, viatu vina vumbi. Akambusu Bi Zuwena kichwani. Bi Zuwena hakumsukuma wala hakumkaribisha. Lakini yule ni mtu wa Unguja, na mgeni akishafika barazani hawezi kuachwa mkavu, hata akiwa ndiye anayekuhamisha. Akamsogezea nafasi. Akamimina kahawa, akampa.

Arbab akaipokea kwa mkono wa kulia. Akaiweka chini, juu ya saruji.

Salim akasimama na godoro kichwani. Mimi nikasimama na upande wangu. Kundi la watalii likachungulia, nikalikazia macho likaondoka. Bi Zuwena akaitazama ile finjani, akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya mtandio, akaivaa. Mvuke ukaisha kwenye kahawa. Arbab jasho linamtiririka, mwenye majengo yake manne, hakuthubutu hata kujifuta.

"Haja yako?" Bi Zuwena akauliza mwishowe.

"Khala," akamwita, kama mtu anavyomwita mama mdogo, "ubaki."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna. Nimekuja mwenyewe."

"Baba yako alimwambia nini marehemu mume wangu, siku aliyompa funguo za hapa?"

Arbab akainama. "Alisema mkae mpaka mtakapochoka."

"Uliniuliza kama nimechoka?"

"Sikukuuliza, Khala."

"Niulize."

Akainua uso. Macho yalikuwa mekundu, na sikuona haya kumtazama. "Khala, umechoka?"

"Sijachoka," akasema Bi Zuwena. Akaichukua ile finjani, akaimwaga kahawa yake uchochoroni, akainua dele. "Hiyo ilikwisha poa. Shika hii ya moto. Salim, rudisha godoro ndani. Na weye Stefano umesimama hapo unatazama nini? Msaidie."

Tukageuka na godoro, safari hii mimi mbele.